Nyota za Mstari wa Mwisho

Alasiri moja Rebeka na mumewe, Antipasi, walikuwa uani kwao Issuna wakipura alizeti. Rebeka alikuwa na furaha isiyofichika. Siku hiyo, katika darasa la watu wazima, alikuwa amejifunza kusoma jedwali.

"Baba Alute, sikiliza," alisema, akifungua kijitabu chake. "Hapa pana nchi mbili zenye misitu. Moja huuza nje magogo. Nyingine huuza asali na nta. Kila nyota ni fungu la pato. Magogo, nyota tisa. Asali, nyota mbili tu!"

Antipasi akatua fimbo yake. "Basi kitabu kimeamua. Jumamosi mnunuzi wa magogo akija, ninamkabidhi miti yote ya mininga ya marehemu baba."

Rebeka akashtuka. Mizinga yao kumi ya nyuki ilikuwa imetundikwa katika mininga hiyo. Yeye alitaka kusifiwa tu. Hakutaka miti ikatwe.

"Hodi!" Alikuwa Agnes, afisa nyuki wa kata, jirani yao. "Shikamoo, baba. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mama Alute amenisomea, nami nauza miti."

Agnes akakitazama kijitabu. "Mama, umesoma mwaka wa kwanza. Na mistari ya chini?"

"Nilidhani ni marudio," alijibu Rebeka kwa aibu.

"Kumbe umeona kichwa, mkia hukuuona!" Antipasi akacheka.

Agnes akavuta ungo. "Nchi hizi ni za mfano, lakini funzo ni la kweli. Soma, mama. Mimi nitapanga mbegu za alizeti badala ya nyota."

Rebeka akasoma polepole, kidole kikifuata mstari. "Mwaka wa tano: magogo sita, asali nne. Mwaka wa kumi: magogo nyota mbili, asali saba. Mwaka wa kumi na tano: magogo nyota moja, asali tisa."

"Magogo yamekwenda wapi?" aliuliza Antipasi.

"Yameuzwa, baba, na mninga haukui upesi. Asali hurinwa, mti ukabaki. Tena mninga haukatwi bila kibali."

Kuku akanyemelea ungo, akaidonoa ile mbegu moja ya magogo.

"Haya! Hata hiyo imekwisha!" alisema Antipasi, nao wakacheka.

"Na masega mnayapeleka wapi?" aliuliza Agnes.

"Tukishakamua asali, tunayatupa."

"Mnatupa nta, mama! Yachemsheni na maji, mchuje kwa kitambaa safi, kisha muache yapoe. Nta itaelea na kuganda."

Jumamosi mnunuzi alifika na msumeno wake. Antipasi akamwekea kigoda. "Keti, bwana. Mke wangu atakusomea kwanza."

Rebeka alisoma mpaka mwisho.

"Mama, hukuruka hata mstari mmoja?" aliuliza mnunuzi.

"Nilisharuka siku moja, bwana. Inatosha."

Mnunuzi akacheka, akaondoka na msumeno wake bila kukata mti.

Msimu wa kurina ulipofika, walipeleka kwenye ushirika madumu ya asali na, kwa mara ya kwanza, vipande vya nta ya manjano. Mininga ilibaki imesimama, na nyuki wakirudi mizingani.

Jumatatu iliyofuata, Antipasi naye alikaa benchi la mbele katika darasa la watu wazima. Mwalimu aliposhika kifutio cha ubao, Antipasi akanyoosha mkono.

"Usifute, mwalimu! Bado sijafika chini."