Ufunguo wa Malimi

Malimi alikutwa asubuhi amelala kifudifudi mbele ya mashine ya kuchajia pikipiki za umeme, kisogo kimepasuka. Waliomkuta ni bodaboda waliokuja kuchaji. Hadi Inspekta Leonsia Rwehumbiza anafika kutoka Sengerema, walikuwa wamemfunika shuka na kukaa kando yake.

Kijiji kile cha njia ya Busisi kilikuwa na kituo hicho kimoja tu. Halmashauri ilitoa kiwanja na mhudumu, ndiye Malimi, kampuni ya mjini Mwanza ikaleta mashine. Waliuita ubia, na siku ya uzinduzi hotuba zilikuwa ndefu kuliko waya.

Inspekta alikagua eneo la tukio. Nyaya za shaba zilikuwepo zote. Pesa za marehemu zilikuwa mfukoni. Kilichokosekana ni ufunguo wa kibanda, ambao Malimi aliuvaa shingoni kwa kamba. Mwizi haendi kuuza ufunguo popote, Leonsia aliwaza. Aliyeuchukua ana kinyongo na kituo.

Akawauliza bodaboda nani aliwahi kugombana na marehemu. Wote wakatazama chini, isipokuwa mmoja, Ngosha. Wiki iliyopita, alisema, bajaji ya umeme ya zahanati iliishiwa chaji ikiwa imembeba Mwaija, mke wa Yunus fundi mitumbwi, ana uchungu wa kujifungua. Waliisukuma hadi hapa. Mashine ikagoma. Gari lilipopatikana, Mwaija na mwanawe walikuwa wameshafariki.

Leonsia alimkuta Yunus makaburini, amekaa kando ya udongo ambao haujakauka. Ufunguo ulikuwa juu ya kaburi. Hakukimbia. Nyumbani kwake askari walipata nyundo yenye damu, wakaipeleka kwa uchunguzi wa maabara.

Kwenye kituo cha polisi alihojiwa akiwa ameinamisha kichwa.

"Nyundo iliyokutwa nyumbani kwako ni yako?"

"Yangu, afande."

"Ulimpiga nayo Malimi?"

"Nilimpiga. Jana, jua linazama."

"Kwa nini?"

"Ufunguo alikuwa nao yeye. Mke wangu analia ndani ya bajaji, namwomba afungue umeme, yeye kazi yake kubonyeza simu tu."

Leonsia alivuta pumzi. Akamweleza polepole, kama kampuni ilivyomjibu kwa simu, kwamba ufunguo ule ulifungua mlango wa kibanda, basi. Umeme ulifunguliwa na kampuni kwa mtandao kutoka Mwanza, kwa vyombo vilivyoandikishwa tu. Bajaji ya zahanati haikuandikishwa kamwe. Halmashauri ilidhani kampuni itaiandikisha, kampuni ikadhani halmashauri imeshafanya hivyo. Alipokuwa akisema haya hasira ilimpanda, na hakujua amfunge nani pingu.

Kisha akamsogezea orodha ya simu za marehemu. Siku Mwaija alipofariki, Malimi alikuwa ameipigia kampuni mara kumi na saba. Chini kulikuwa na ujumbe alioutuma: "Bosi nakuomba fungua, mama wa watu anakufa hapa."

Yunus aliusoma ujumbe ule mara mbili, kidole kikiifuata kila herufi.

"Alikuwa anawapigia wao?"

"Ndiyo."

Aliirudisha orodha mezani.

"Alikuja msibani siku ya maziko," Yunus alisema mwishowe. "Alitaka kuniambia kitu. Nikamfukuza mbele za watu."

Inspekta aliandika maneno hayo kwenye maelezo ya mtuhumiwa kama yalivyosemwa. Machozi yalimtoka akiwa bado anaandika, wala hakuyafuta.