Boksi Lililofungwa Gizani

Mpiga picha alilala kifudifudi kwenye sakafu ya chumba chake cha giza, kisogo kimepasuka, stendi ya kamera kando yake. Taa nyeupe ilikuwa inawaka.

Inspekta alichuchumaa, magoti yakamlia. Alikuwa amechoshwa na maiti. Kabla ya kuwa mpelelezi aliwahi kusafisha picha za polisi, na harufu ya dawa zile ilimkumbusha ujana bila kumrudishia nguvu zake.

"Nimemkuta hivihivi," mke wa marehemu alisema kutoka mlangoni. "Taa inawaka. Sikugusa kitu."

"Unamshuku nani, mama?"

"Yule mnunuzi wa filamu kuukuu, anayezichoma apate madini ya fedha. Jana walizozana mpaka majirani wakatoka."

Koplo alikwisha kushika pingu.

"Zirudishe," Inspekta alimwambia. "Haraka haraka haina baraka."

Maiti ilipochukuliwa, alikagua meza. Kwenye sinia ya dawa kulikuwa na picha nyeusi tii, imeunguzwa na mwanga kabla haijakamilika. Pembeni, boksi la karatasi za picha, limefungwa. Alimwingiza mke wa marehemu ndani, akafunga mlango, akazima taa nyeupe, akawasha nyekundu isiyounguza karatasi, akalifungua. Karatasi ya juu ilikuwa na tone la damu. Kifuniko kilikuwa safi.

Akachukua karatasi ya chini yake, akaitumbukiza katika dawa. Wakasubiri. Ilibaki nyeupe pee.

"Koplo, unaona nini?"

"Boksi lilikuwa wazi alipopigwa, afande. Damu imeingia ndani. Halafu likafungwa."

"Lini?"

"Kabla ya taa kuwashwa. La sivyo karatasi hii ingekuwa nyeusi."

"Sasa nitajie muuaji wa kutoka nje anayejali karatasi za mwenye nyumba."

Mke wa marehemu alikuwa anaitazama mikono yake.

"Nani alikufundisha kazi ya humu, mama?" Inspekta aliuliza taratibu.

"Yeye." Aliketi kwenye stuli. "Funga boksi ndipo uwashe taa. Alinifokea mpaka mkono ukazoea. Nilitaka kuona kama anapumua, afande. Mkono ukafunga boksi kwanza."

"Kwa nini ulimpiga?"

"Mwanetu tumemzika, na ukutani hana hata picha moja. Filamu yenye picha zake, mume wangu aliifungia kabatini, hakuweza kuitazama. Kila nikimwomba anisafishie, kesho, kesho. Leo nimekuta kabati tupu, ameuza zote zikachomwe. Nikaingia humu nikamuuliza, 'Hata ya mtoto?' Hakugeuka. Akasema, 'Toka, utaniharibia picha.' Picha za watu baki ndizo zilizomshughulisha. Nikaishika stendi."

Inspekta alisogea kwenye mashine ya kukuzia picha, akachomoa negativu, kipande cha filamu kilichokuwa ndani, akaiinua kwenye taa nyekundu. Alitamani asingeiona. Mtoto juu ya baiskeli ya magurudumu matatu, anacheka, pengo mbele.

"Nadhani ndiyo waliyozozania jana," alisema. "Alikwenda kuirudisha."

Mama aliipokea kwa ncha za vidole. Kisha akaigeukia sinia.

"Hiyo nyeusi kwenye sinia..."

"Ndiyo yenyewe, mama."

Alilia bila sauti. Inspekta alimwonea huruma, na huruma ile haikuwa na kazi yoyote. Koplo aligeukia ukutani.

"Karatasi zilizobaki ni nzima?" mama aliuliza mwishowe.

"Ni nzima. Ulizifunga vizuri."

"Basi nisafishie moja, afande. Kisha twende."

Inspekta alikunja mikono ya shati. Akatoa karatasi moja, akafunga boksi.