Mashati ya Mheshimiwa

Kila Jumatatu dobi huwasha pasi mbili za mkaa. Moja ikifanya kazi, ya pili inapata moto. Chumba chake cha kazi kinatazama reli, hatua arobaini tu kutoka mlangoni. Treni ikipita, mashati kwenye kamba hupunga mikono. Mumewe, fundi baiskeli, husema, "Itikia salamu, mke wangu. Wateja wako wanakuaga."

Dobi ana utaratibu wake. Shati likishapigwa pasi, hulikunja mara nne. Kisha hubana karatasi ya jina chini ya kola, upande wa kushoto, kwa pini yenye kichwa cheusi. Tena ana mwiko aliofundishwa na shangazi yake: dobi haulizi alichokiona kwenye nguo. Damu, wanja, rangi ya midomo isiyo ya mwenye nyumba, vyote ni uchafu tu, na dawa ya uchafu ni sabuni.

Ndiyo maana hakuuliza habari ya mashati ya Mheshimiwa.

Mheshimiwa alikuwa mbunge wao. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya reli. Kila wiki mtunza nyumba alitoa kapu lenye mashati sita meupe. Jumatatu moja, mwezi wa pili, dobi alifunua kapu akakuta pini yake. Chini ya kola, upande wa kushoto. Akachukua shati la pili. Pini. Yote sita yalikuwa yamekunjwa mara nne. Akanusa kwapa la moja. Halikunuka mtu. Lilinuka sabuni yake mwenyewe.

Akayafua, akayapiga pasi, akayabana. Wiki iliyofuata yakarudi vilevile. Miezi mitano alifua mashati masafi, na miezi mitano alifunga mdomo.

Mwezi wa saba, msichana wa mtaani aligongwa na treni. Hakufa, lakini mguu mmoja ulibaki relini. Kivuko kile hakikuwa na kizuizi, na treni hutokea ghafla kwenye kona. Binti wa dobi, wa darasa la nne, huvuka hapo kwenda na kurudi shule. Tangu siku ile, ikifika saa sita na nusu mchana, dobi aliacha pasi na kusimama mlangoni, roho mkononi, mpaka aione ile sare ya buluu.

Basi akaamua kumwona Mheshimiwa mwenyewe, amwombe kizuizi. Alikwenda saa tano na nusu asubuhi, jua kali, kapu kichwani.

Mtunza nyumba alifungua mlango nusu. Alivaa soksi bila viatu.

"Mheshimiwa anaoga," alisema kwa sauti ya chini.

Kweli, maji yalisikika yakimwagika. Juu, redio ilikuwa inazungumza.

"Nitamngoja, kaka."

"Akitoka atalala."

"Nitangoja aamke. Sina haraka."

"Dada, wewe ni mtu wa mlangoni. Baki mlangoni."

Mtunza nyumba akachukua kapu, akaingia nalo. Mlango haukujifunga vizuri. Dobi aliona meza yenye sahani moja, kijiko kimoja, na glasi iliyofunikwa. Chini ya kiti kulikuwa na ndala za ngozi, zimepangwa sawasawa. Buibui alikuwa ametandaza utando kutoka kamba ya ndala hii mpaka kamba ya ile.

Maji yakakoma. Mtunza nyumba akarudi. Mkono wake ulikuwa umelowa mpaka kwenye kiwiko.

"Ameshamaliza kuoga," akasema.

Dobi alivuka reli bila kutazama kushoto wala kulia. Alimkuta mumewe na Bibi Karani. Huyu ni jirani yao; aliandika kumbukumbu za bunge miaka thelathini kabla ya kustaafu. Alikuja kutafuta kifungo cha gauni lake.

"Mle ndani hamna mtu," dobi akasema. "Kuna kitu kinajifanya mtu." Akawaeleza yote, kuanzia pini.

"Kama ni mzimu, tuuache," mumewe akasema. "Mzimu haupigi kura."

"Hapo umesema neno, fundi, ingawa hukukusudia," Bibi Karani akasema. "Mwanangu, nipe lile kopo la vifungo."

Akamimina vifungo mezani, akavihesabu kwa kidole, taratibu.

"Bunge letu lina wabunge mia na moja. Kila jimbo linachagua mmoja. Hivi vyeupe ni chama kinachotawala: hamsini na moja. Vyeusi ni chama kikubwa cha upinzani: thelathini na nane. Vya kahawia ni chama kidogo: tisa. Na hivi vitatu vya shaba havina chama. Hao ni wabunge huru."

"Na Spika?" fundi akauliza.

"Spika ni mimi hapa. Nahesabu, sipigi kura. Haya, weusi, kahawia na shaba ni wangapi kwa pamoja?"

"Hamsini," dobi akasema.

"Hao ndio wanaotaka vizuizi vya reli. Weupe wamekataa." Akachukua kifungo kimoja cheupe, akakifumba kiganjani. "Huyu ndiye wetu. Wamebaki weupe wangapi?"

"Hamsini."

"Hamsini kwa hamsini. Kura zikilingana, hoja inaanguka. Mwaka huu imeanguka mara mbili."

"Lakini wetu naye ni mweupe, bibi. Angekuwepo si angekataa?"

"Labda. Au labda angetuogopa sisi tuliomchagua. Sasa hatuna hata wa kumsuta."

"Kwa nini wenzake wa chama wafiche kwamba hayupo?"

"Ikitangazwa kwamba nafasi iko wazi, tutafanya uchaguzi mdogo hapa. Tukichagua wa upande mwingine, wao hamsini, wenzao hamsini na mmoja. Wingi umewatoka. Sheria inasema mbunge akikosa mikutano mitatu bila ruhusa ya Spika, anapoteza ubunge. Lakini nasikia kila mkutano inafika barua: naumwa, nipo nyumbani kwangu jimboni. Spika atajuaje?"

"Mimi najua," dobi akasema. "Amekufa."

"Umeona maiti?"

"Sijaona."

"Basi hujui. Andika ulichokiona. Usitie chumvi."

Dobi alikumbuka mwiko wa shangazi yake. Dobi haulizi alichokiona kwenye nguo. Nje, treni ikapiga honi kwenye kona. Ilikuwa saa sita na dakika ishirini na nane. Wote watatu wakageuka kutazama mlangoni, vifungo vikitetemeka mezani. Treni ikapita. Muda kidogo mtoto akaingia, akatupa mkoba, akauliza kuna nini cha kula.

"Nipe kalamu," dobi akasema.

Aliandika kwamba yeye ni mpiga kura wa jimbo hilo na anafua nguo za mbunge. Akaandika habari ya pini, na tarehe, na utando kwenye ndala. Akaomba Spika akague. Majirani kumi na mmoja walitia saini. Kwa ushauri wa Bibi Karani, walibaki na nakala, na ofisini kwa Spika walidai mhuri wa kupokelewa.

Jumatatu iliyofuata kapu lilikuja. Pini hazikuwepo. Mashati yalikuwa machafu. Yote sita yalikuwa na doa la chai, ukubwa mmoja, mahali pamoja, juu ya mfuko.

"Wamesikia," fundi akanong'ona.

Wiki ya tatu walikuja maofisa wa bunge. Walimwita dobi kama shahidi, wakapanda naye ghorofani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Redio na taa vilikuwa vimeunganishwa na saa, vikijiwasha na kujizima vyenyewe. Mezani palikuwa na karatasi zenye saini ya Mheshimiwa, ileile, juu mpaka chini, kama mtoto anayejifunza kuandika.

Ikajulikana kwamba Mheshimiwa yuko nchi ya mbali, hospitalini. Amepooza tangu mwezi wa kwanza, hamtambui hata mkewe. Barua ziliandikwa na watu wa chama chake. Spika akatangaza nafasi iko wazi.

Wagombea walipopita mtaani, dobi aliwauliza wote swali moja: vizuizi vya reli, utasema ndiyo au hapana? Fundi, ambaye hakuwahi kupiga kura, alikuwa wa nne kwenye foleni. Alishinda muuguzi mmoja asiye na chama. Hoja ya vizuizi ikaletwa tena bungeni, majina yakaitwa moja moja. Wa jimbo lao alipoitwa, redioni ilisikika sauti ya mwanamke: "Ndiyo." Hamsini na moja kwa hamsini.

Mwaka uliofuata kizuizi kiliwekwa kivukoni. Mchana mmoja kilishuka binti wa dobi akiwa ng'ambo. Treni ya mizigo ikapita. Dobi alisimama mlangoni akimtazama katikati ya mabehewa: buluu, chuma, buluu, chuma. Alihesabu mabehewa kumi na tisa. Kisha reli ikawa tupu, na mtoto alikuwa bado amesimama nyuma ya boriti yenye milia, anakuna goti, anangoja inyanyuke.