Zambarau Iliyokataa Kutoka

Mariam Poni alikutwa amekufa kitandani, katika zahanati ndogo nje ya Koboko, wiki moja baada ya kujifungua. Midomo ilikuwa imepasuka kwa homa. Kando yake palikuwa na bakuli la uji, limeliwa nusu.

"Iko sumu ndani ya uji ile!" alifoka Jale, kaka wa marehemu. "Viktoria ndiyo alileta. Mke mwenza gani anapikia mwenzake?"

Viktoria alikuwa mke mkubwa wa Loku, mume wa Poni, na mfagiaji wa zahanati hiyohiyo. Inspekta Ayiko alipofika kutoka Arua, alimkuta tayari yuko mahabusu. Nje, Jale na vijana wake walikuwa wakidai nyumba yake ichomwe.

"Ulimpa nini?" Ayiko aliuliza.

"Uji ya mtama, afande. Mimi pia nilikunywa."

"Mlikuwa mnagombana?"

"Na Poni? Poni alikuwa kama mtoto yangu."

Ayiko alimwamini. Tangu atoke chuoni aliamini pia kwamba sayansi haimwonei mtu. Akajiapiza kumtoa mama huyu.

Ndugu walikataa uchunguzi wa maiti. Poni alizikwa kabla ya Alasiri. Kilichobaki ni kioo cha darubini chenye usaha wake, alichokipima Andama, fundi wa maabara ya zahanati.

"Nilitia rangi ya zambarau, kisha aidini, nikaosha kwa spiriti, nikamalizia na rangi nyekundu," Andama alieleza. "Bakteria walibaki zambarau. Hao huitwa Gram chanya. Daktari akaandika penisilini."

"Na homa?"

"Haikushuka."

Mjini Arua, Betty Driwaru, mtaalamu wa maabara ya hospitali, alikiweka kioo kile chini ya darubini yake, akachungulia, akacheka.

"Huyu mtu wenu wa Koboko anapima usaha au anapaka viti rangi?"

Kisha akaacha kucheka.

"Tazama, Inspekta. Hizi kubwa ni seli za mgonjwa mwenyewe. Siku zote hutoka nyekundu. Hapa nazo ni zambarau. Spiriti yake haikuosha kitu."

Alikiosha kioo upya kwa spiriti yake, akatia nyekundu. Ayiko alipochungulia tena, aliona vijiti vidogo vyekundu.

"Bakteria wenye ukuta mnene huing'ang'ania zambarau hata ukiwaosha," Betty alisema. "Wenye ukuta mwembamba huiachia, ndipo hupokea nyekundu. Hao ni Gram hasi, na hawa ni wao. Penisilini haiwawezi. Walitaka kloramfenikoli."

"Kwa hiyo hakuna sumu?"

"Kuna homa ya uzazi iliyopewa dawa isiyo yake."

Ayiko alirudi Koboko na moyo mwepesi. Alichovya pamba katika chupa ya spiriti ya Andama, akawasha kiberiti. Njiti iliungua hadi vidoleni. Pamba haikushika moto.

"Maji," Andama alinong'ona. "Karibu yote ni maji."

"Nani huishika chupa hii?"

"Mimi." Akasita. "Na anayefagia."

Nyumbani kwa Loku, mtoto alikuwa bado ndani. Hatolewi nje mpaka kitovu kidondoke. Susana, shangazi wa Loku, alimruhusu Inspekta kuishia mlangoni tu. Susana alipomfunua mtoto kanga, harufu kali ya spiriti ilimfikia Ayiko pale pale. Kitovu kilikuwa kikavu, safi, bila hata chembe ya jivu.

"Unampaka nini, mama?"

"Dawa ya Viktoria." Alionyesha chupa ndogo. "Mbili ya kwanza ya Poni tulipaka majivu. Walikakamaa, wakakufa. Huyu ananyonya chuchu ya watu vizuri sana, mwizi huyu."

Ayiko hakuweza kucheka.

Aliingia mahabusu na ile chupa ndogo mkononi. Viktoria aliitazama, akainamisha kichwa.

"Mimi niliiba," alisema. "Poni alinililia. Alisema hii ya tatu isikufe. Niliona daktari anasafisha kidonda na spiriti. Nikawa natoa kidogo kidogo tangu mimba yake iko kubwa. Wamama wengine nao wakaomba. Nikarudisha maji, Andama asijue. Basi. Sumu sijui."

Ayiko alimweleza taratibu: rangi, kuosha, vijiti vyekundu vilivyofichwa na zambarau, dawa isiyofaa. Aliposema neno maji, Viktoria alishika nondo.

"Maji yangu?"

"Hukujua, mama."

"Maji yangu ndiyo iliua Poni?"

Mfukoni Inspekta alikuwa na ufunguo wa seli, aliouazima kwa askari wa zamu akiwa na hakika kwamba atamtoa. Sasa alipaswa kuandika wizi, na uzembe uliosababisha kifo. Huko nje Jale alikuwa bado anapiga kelele za sumu.

Viktoria aliziachia nondo.

"Kitovu iko kavu?"

"Kikavu. Kesho kitadondoka."

"Basi kesho anatoka nje." Alijifuta uso kwa kiganja. "Kwetu mama yake ndiye anamtoa. Kama yeye hawezi, ni mama mkubwa, ndiyo mimi. Nani atamtoa, afande?"

Ayiko aliurudisha ufunguo mezani kwa askari wa zamu.