Ugonjwa Wenye Ndevu

Jamaa zangu wa huku juu milimani, nawaomba mnisikilize hadi mwisho, hata kama baadhi yenu mtajiona ndani ya maneno haya. Mimi pia nimo.

Asubuhi moja ya Juni tulikuwa uwanjani tukikanyaga viazi. Baridi ilikuwa imevigandisha vikawa kama mawe, na jua lilipovilainisha kidogo tukavua viatu ili tukamue maji ya viazi kwa nyayo, kama tufanyavyo kila mwaka kabla ya kuvikausha. Walikuwapo mama mkubwa wangu, Eusebia Turpo, mwanawe Wilber, mkwewe Yeni, na mimi Nelida, niliyekuwa nimehitimu uuguzi na kupangiwa zahanati ya hapa hapa kwetu. Baba mkubwa Nicasio alikaa juani na blanketi lake, akiwatazama alpaka, mifugo yetu ya sufu yenye shingo ndefu. Damu yake ni nzito, kwa hiyo alisamehewa kazi.

Wilber alikuwa akiimba vibaya, nasi tukimzomea. Ghafla mama mkubwa akasimama, akashika kichwa.

"Eusebia, unakanyaga au unasali?" Nicasio akamtania.

"Nakanyaga, baba Wilber. Viazi vya mwaka huu vina mifupa."

Tukacheka. Akavuta shali hadi puani, akaendelea. Vidole vyake vilikuwa vya zambarau, lakini nani angeshangaa? Mikono ya mwanamke hupoa upesi kuliko ya mwanamume. Waume wa kijiji hiki hulalamika kila wakiguswa mgongo na wake zao.

Mnaujua ugonjwa wa damu nzito. Hewa ya huku ni nyepesi, na mwili ukikosa oksijeni huongeza damu. Kwa baadhi yetu huongeza kupita kiasi. Kichwa huuma, masikio huvuma, midomo na vidole hugeuka zambarau, usingizi hukimbia, mwishowe moyo huchoka kuisukuma. Kwa kuwa tuliuona zaidi kwa wanaume, tuliupa jina: ugonjwa wenye ndevu.

Kila mwaka, mwezi huo huo wa Juni, zahanati ina Siku ya Midomo. Wanaume hupanga foleni, watazamwe midomo na kupimwa damu. Wanawake hupika supu. Mwaka ule mimi ndiye niliyepanga viti. Viti kumi na vinane, vyote vya wanaume. Hakuna aliyeniamuru, ndivyo nilivyoona tangu utoto.

"Watazameni," Yeni alisema akikoroga sufuria, "kama kondoo wanaosubiri kunyolewa. Sisi damu yetu inajipunguza yenyewe kila mwezi, hatuhitaji foleni."

Wanawake wakaangua kicheko. Mama mkubwa naye alicheka, mpaka pumzi ikamkatikia.

Niliingia jikoni kuota moto kidogo. Tulikaa sita tukizunguka jiko, mabakuli ya supu mikononi. Baada ya muda vidole vya wenzangu vikarudi vyekundu. Vya mama mkubwa vilibaki zambarau.

"Mama mkubwa, hebu nipe mikono."

"Baridi tu, mwanangu."

"Baridi gani inakaa mbele ya moto nusu saa?"

Nikaishika. Ilikuwa ya moto. Alipoteremsha shali kunijibu, nikaiona midomo: rangi ya mvinyo mwekundu. Nikamwekea kile kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni. Wenzake walikuwa na asilimia themanini na sita, themanini na saba. Yeye alikuwa na sabini na mbili.

"Kichwa kinakuuma tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

"Na hukusema?"

"Nilisema." Akatazama bakuli lake. "Nilimwambia Wilber. Akaniambia, mama, ugonjwa huo una ndevu. Wewe umechoka tu."

Nikamwinamia, nikamuuliza kwa sauti ya chini hedhi yake ilikoma lini.

Akatabasamu. "Yeni alikuwa bado hajaolewa. Miaka saba."

Hapo ndipo nilipoona aibu. Nilikuwa nimesoma darasani kwamba mwili wa mwanamke aliye bado katika miaka ya hedhi una kinga dhidi ya ugonjwa huu, na kwamba kinga hiyo hupungua hedhi inapokoma. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani, nikapata alama zote. Kisha nikapanga viti kumi na vinane.

Nilipompima, damu yake ilikuwa nzito kuliko ya mwanamume yeyote kwenye foleni. Daktari wa wilaya alisema wazi: moyo umeanza kutanuka, ashuke bondeni kwenye hewa nzito akaishi huko, la sivyo hatafika Juni nyingine.

Kikao cha familia kilikuwa kifupi na kigumu. Binti yao, Maruja, anakaa bondeni katika chumba kimoja, na kitanda cha mgeni ni kimoja. Kila mwaka Nicasio ndiye aliyeshuka kukilalia miezi mitatu ili damu yake ipungue.

"Mashine imekosea," Nicasio alisema. "Na akishuka, alpaka atawachunga nani? Viazi je?"

"Mimi," Wilber akajibu. Hakuinua uso. "Mama aliniambia, nikamcheka."

Nicasio akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya: akauchukua mkono wa mkewe, akautazama kidole kimoja kimoja, akauweka kando ya wake. Rangi ilikuwa moja.

"Miaka mitano nimelala kitanda kile," akasema, "na wewe ukinifungia chakula cha safari. Nenda wewe. Mimi ninapumzika hata nikiwa hapa. Wewe hapa hujapumzika."

"Na nani atakukanyagia viazi?"

"Nina miguu. Vina mifupa, lakini nitajaribu."

Akashuka. Baada ya mwezi mmoja Maruja alipiga simu kusema mama analala usiku kucha, anakoroma. Baada ya miezi minne sauti ya mama mkubwa mwenyewe ilikuwa na pumzi ndefu, akimgombeza Wilber kuhusu chumvi ya alpaka.

Juni iliyofuata alipanda kututembelea kwa siku chache, kwa ruhusa ya daktari, siku ile ile ya Midomo. Nilikuwa nimepanga viti thelathini na tano. Alikalia cha kwanza. Jikoni, wanaume wawili walikuwa wakigombania mwiko, na Nicasio alikuwa mmoja wao.

"Mama Eusebia," mzee mmoja akamchokoza, "foleni hii ni ya wenye ndevu. Zako ziko wapi?"

"Nimenyoa asubuhi," akasema, akaninyooshea kidole nikipime.

Kilikuwa chekundu.

MAFUNZO

Jamaa zangu, mwili wa mwanamume na wa mwanamke haupokei baridi wala uhaba wa hewa kwa namna moja, na mwili wa mwanamke wa miaka hamsini si ule wa miaka ishirini. Tofauti hizo tuzijue ili tumtunze kila mmoja ipasavyo. Tusizitumie kumnyima mtu kiti. Mama akisema kichwa kinamuuma, msimjibu kwa jina la ugonjwa. Mkalisheni karibu na moto, mmtazame vidole, na visiporudi vyekundu mleteni kwangu. Kiti chake kipo.