Miezi Minne ya Loisi

Silvano alikuwa mshonaji wa magunia katika soko la mahindi la Kibaigwa. Kila asubuhi alipika uji, akamwamsha binti yake Loisi, wakanywa pamoja, kisha kila mmoja akashika njia yake. Loisi alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yake, Hilda, alifariki mwaka juzi kwa saratani ya mlango wa kizazi. Alivuja damu kwa miezi mingi, na Loisi ndiye aliyekuwa akimfulia nguo.

Baada ya msiba, baba na binti walizoea kukaa bila maneno mengi. Kwa hiyo Loisi alipoanza kunyamaza kabisa, Silvano hakushtuka mapema. Baadaye akaona kuwa mtoto hali chakula vizuri. Tena kila mwezi kuna siku tatu au nne haendi shule.

"Unaumwa?" alimuuliza.

"Hapana, baba."

"Mwalimu amekuchapa?"

"Hapana."

Siku moja Silvano alifungua sanduku la marehemu. Akakuta kanga ambayo Hilda aliipenda imechanwa vipande vipande. Akamwita Loisi.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi."

"Kanga ya mama yako? Huna hata huruma?"

Loisi hakulia. Alimtazama baba yake kama mtu mzima aliyechoka sana.

"Nisamehe, baba. Sitakusumbua muda mrefu."

Silvano hakuyaelewa maneno hayo, lakini yalimtia hofu. Je, mtoto ana mimba? Je, anataka kutoroka? Mke amekwenda, sasa na binti anakwenda, na yeye hajui hata anakokwenda. Wiki nzima alishona magunia kombo. Hakuwa na mtu wa kumuuliza.

Alhamisi, Anjelina alipita nyumbani kwake. Alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa ule. Alimsalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa, Baba Loisi. Jumamosi saa nane mchana tunaonyesha filamu ya katuni pale ukumbi wa kanisa. Wazazi waje na watoto wao."

"Katuni ni za watoto, mama."

"Hii ni ya familia nzima. Inahusu kubalehe."

Silvano aliangalia chini. "Hayo ni mambo ya wanawake. Na hapa mwanamke hayupo."

"Ndiyo maana nimekuja kwako," alisema Anjelina.

Jumamosi walikwenda. Ukumbi ulijaa. Katika filamu ile kulikuwa na kijana ambaye sauti yake ilikatika alipokuwa akiimba, na watu walicheka. Kulikuwa pia na dada yake. Asubuhi moja dada yule aliona damu kwenye nguo yake. Silvano aliona aibu, akataka kutoka. Ndipo alipohisi vidole vya Loisi vimemkamata mkono kwa nguvu.

Msichana wa katuni alimwambia bibi yake. Bibi alimkumbatia, akampa pedi, akamweleza. Kesho yake msichana alikuwa shuleni, anaruka kamba.

"Kwa hiyo hafi?" Loisi aliuliza kwa sauti, mbele ya watu wote.

Watoto wengine walicheka. Anjelina alisimamisha filamu, akaja kukaa karibu naye.

"Hafi, mwanangu."

"Hata damu ikirudi mwezi mwingine?"

"Hata ikirudi. Wewe imekujia mara ngapi?"

"Mara nne."

Silvano alifunika uso kwa viganja. Sasa alielewa kanga ilichanwa kwa nini, na kwamba mtoto alidhani anakufa kama mama yake.

Filamu ilipokwisha, Anjelina alikaa nao nje kwenye benchi.

"Hii ni hedhi," alisema. "Si ugonjwa. Wasichana wengi huianza kati ya miaka tisa na kumi na mitano. Hukaa siku mbili hadi saba. Mwanzoni inaweza kuruka mwezi. Tumia pedi, au kitambaa safi. Badilisha kila baada ya saa nne hadi sita. Kitambaa ufue kwa sabuni, ukianike juani, usikifiche chini ya godoro. Tumbo likiuma, jikande kwa maji ya moto. Damu ikizidi siku saba, au ikilowesha pedi kila saa, njoo zahanati. Na ujue, tangu sasa unaweza kupata mimba, lakini wewe bado ni mtoto. Kazi yako ni shule."

"Na ugonjwa wa mama yake?" Silvano aliuliza.

"Ule ni mwingine kabisa. Ipo chanjo ya kuukinga, kwa wasichana wa miaka tisa hadi kumi na minne. Mlete Jumatatu."

Njiani kurudi nyumbani, Silvano alisimama.

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Nilikuona ulivyolia kwa ajili ya mama," alisema Loisi. "Sikutaka uanze kulia kabla sijafa."

Silvano alimshika mkono, wakaenda hivyo mpaka nyumbani.

Jumatatu Loisi alichanjwa. Mwezi uliofuata alisimama mlangoni, akasema kwa sauti ndogo, "Baba, imeanza." Silvano alimwekea maji motoni, akampa pakiti ya pedi aliyokuwa amekwisha kuiweka tayari. Loisi alikunywa uji wote, akaenda shule. Hakukosa hata siku moja.

Lakini Silvano alibaki amekaa. Alihesabu asubuhi zote za miezi ile minne. Kila siku alimwekea uji mtoto aliyekuwa akimuaga, naye hakujua. Akalia mpaka akanyamaza mwenyewe.

Sokoni alimkuta Batholomeo, mshonaji mwenzake.

"Binti yako ana miaka mingapi?" alimuuliza.

"Kumi. Bado mdogo. Kwa nini?"

Silvano aliweka sindano chini.

"Kaa hapa nikueleze," alisema. "Halafu ukifika nyumbani, umwambie leo."