Amuri Wawili Ndani ya Simu Moja

Kila Jumamosi asubuhi, akishafagia ua, Rachida alikuwa na kazi moja zaidi: kupiga picha karatasi za nyumbani na kuzihifadhi katika simu ya familia, maana panya wa mji wao wa Kasongo hutafuna karatasi bila kuchagua. Programu ya kumbukumbu ilimtaka aandike jina kamili, umri na maelezo. Rachida alikuwa na haraka ya kwenda kucheza. Fishi, yaani kadi ya hospitali, ya babu yake akaiita "Amuri". Ya mdogo wake, aliyepewa jina la babu kama ilivyo desturi, nayo akaiita "Amuri". Picha zenyewe zilikatika juu, pale penye umri. Alijiambia atarekebisha kesho, na kesho hiyo haikufika.

Wiki iliyofuata mama yao alikuwa kijijini Wamaza akivuna mpunga. Mdogo wake akashikwa na homa na kifua kibaya, babu akawapakia wote wawili kwenye pikipiki hadi kituo cha afya.

"Iko dawa yenye inamukatala huyu mutoto?" aliuliza muuguzi, Mama Anastasie.

"Mama yake ndiye anajua," alijibu babu. "Rachida, angalia mu telefone."

Rachida akafungua "Amuri" ya kwanza aliyoiona. "Hakuna," akasoma.

Mtoto akachomwa sindano. Punde midomo yake ikavimba, pumzi ikaanza kukwama. Rachida akairudia simu kwa hofu. Akafungua "Amuri" ya pili: *Asichomwe penisilini.*

Angeweza kuifuta. Hakuna aliyekuwa akimtazama.

"Mama, nimekosa!" alimlilia muuguzi. "Nilisoma fishi ya babu! Huyu penisilini inamukatala!"

"Nilizani ni kile kifua chake kinamubana," alisema Anastasie, akavuta dawa nyingine upesi. Walihangaika na mtoto yule mpaka alasiri. Alipona, lakini hakuwa na nguvu hata ya kulia.

Anastasie akaketi karibu na Rachida.

"Ungenyamaza, tungemuzika," alisema. "Na mimi nilikosa, sikuuliza fishi ni ya nani. Jina mulimupa kwa kumuheshimu babu yake, lakini dawa haijui heshima. Kitu ukiweka, andika ni cha nani na cha lini. Usiseme kesho."

Rachida akaandika palepale, machozi yakidondokea kioo cha simu.

"Soma," alisema babu.

"Amuri mdogo, miaka minne. Asichomwe penisilini."

"Soma tena."

Akasoma tena.